Gauni Lililorudi Kutoka Nduguti

Nina miaka thelathini na nne. Ni mama wa mtoto mmoja wa kike. Mume sina, alikwenda machimboni akasema atarudi Krismasi, ila hakusema Krismasi ya mwaka gani! Naishi Singida mjini na kazi yangu ni kuuza magauni ya harusi na ya send-off kwa njia ya mtandao. Kama wewe ni mtu wa huku, huenda umewahi kuliona duka langu kwenye simu ukapita zako.

Niseme ukweli. Nilikuwa nikisoma mikasa ya wenzangu nasonya. Najisemea, huyu naye akili zake alizipeleka wapi? Mimi mdomo ninao, sikatai. Leo naandika nikijua kuna mtu atanisonya mimi. Nisonye tu ndugu yangu, lakini nisome hadi mwisho.

Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Pendo. Mama alifariki tukiwa kwetu Kinyangiri. Nilikuwa kidato cha pili, Pendo hata shule hajaanza. Baba alioa upya, na yule mama mpya hakutaka kumwona mtoto wa mwenzake amekaa jikoni kwake. Basi niliacha shule, nikamchukua mdogo wangu, nikaja naye mjini kwa mama mdogo.

Nimeuza vitunguu barabarani. Nimeshona. Nimefulia watu. Pendo akasoma kwa hela hiyo, akamaliza chuo cha ualimu, akapata kazi Kiomboi. Siku aliyonipigia kuniambia kuna kijana wa Kinampanda anataka kuja kujitambulisha, nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha hadi binti yangu akaogopa.

Nayasema haya mapema ili ujue nilichopoteza. Sikupoteza biashara. Biashara ipo mpaka leo. Nilichopoteza ni huyo Pendo... na bado yu hai!

Sasa nikupeleke ilikoanzia.

Nilipofungua duka kwenye lile soko la mtandaoni, simu iliniuliza mambo mengi. Jina la duka, picha, namba ya kupokelea hela. Mwishoni ikaniuliza, je, mteja akitaka kurudisha mzigo itakuwaje? Kulikuwa na majibu ya kuchagua. La kwanza, mali ikiuzwa hairudishwi. La pili, mteja anaweza kurudisha ndani ya wiki moja lakini aeleze sababu na sababu hiyo ikubaliwe na muuzaji. La tatu, mteja anaweza kurudisha ndani ya wiki moja bila kuulizwa sababu.

Nilikaa na ile simu mkononi nusu saa nzima. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Ni kubonyeza tu!

Nikampigia Rahel. Huyu ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, tulilala kitanda kimoja hosteli. Sasa hivi ni fundi cherehani Nduguti, kibanda chake kiko karibu kabisa na basi linaposimama. Ndiye aliyekuwa wakala wangu upande wa Mkalama. Mimi naweka kifurushi kwenye basi Singida, yeye anakipokea na kumfikishia mteja. Mteja akitaka kurudisha anampa Rahel, Rahel anampa konda, nami nakipokea stendi. Kila mzigo nilimtolea chake.

Rahel aliniambia, kwa watu wa kwetu, ukiandika hairudishwi umejifungia mlango mwenyewe. Mtu wa Mkalama hanunui kitu asichokishika! Mbuzi anamshika mbavu, shuka analivuta pembe, sembuse gauni la kwenye picha? Na ukimtaka aeleze sababu, ataona aibu, atakaa nalo, kesho hanunui tena. Aliniambia niandike bila kuulizwa sababu, nione kama sitanunua kiwanja.

Nikabonyeza lile la tatu. Nikaongezea na maneno yangu mwenyewe chini ya kila picha: LISIPOKUTOSHA RUDISHA, HATUKUULIZI KITU. Niliona nimepatia kweli.

Na kweli wateja walikuja. Iguguno, Nduguti, Kiomboi, Ikungi, hadi Manyoni. Marejesho nayo yalikuja! Gauni linarudi lina alama ya mafuta ya pilau kifuani, mteja anasema hakulivaa. Jingine linarudi na rangi ya mdomo kwenye kola. Lingine lilirudi na kijiko mfukoni, kijiko cha ukumbini kabisa! Nilicheka. Nafua, napiga pasi, napulizia manukato, narudisha lebo mahali pake, napiga picha upya. Kisha nauza kama jipya. Ndiyo, kama jipya. Nilijiambia kila mtu anafanya hivyo.

Kumbe nilikuwa najifundisha kutokuuliza...

Mchana mmoja, mwezi wa kiangazi wakati upepo wa vumbi umeshaanza, alinipigia mwanaume mmoja kutoka Nduguti. Kwa sauti alikuwa mtu mzima, nikamwamkia shikamoo. Alikuwa anaongea chinichini na kwa utaratibu mno. Alitaka gauni jeupe lenye maua ya shanga kifuani, na alilitaka kwa saizi mbili. Mzigo huo niliuleta kutoka Dar na nilikuwa na saizi hizo mbili tu. Hakuomba nipunguze bei. Hilo peke yake lingenishtua! Mtu gani wa kwetu ananunua nguo ya harusi asiombe kupunguziwa?

Nikamwuliza bibi harusi ana mwili gani, ili nisimtwishe mzigo wa magauni mawili bure.

Akasema, "Mwanangu, hatuwezi kumpima. Tuma yote mawili, na yafike leo. Lisilomtosha tutalirudisha. Si umeandika tunaruhusiwa?"

Nikasema mnaruhusiwa kabisa baba. Nikajua bibi harusi yuko mbali, labda Mwanza, anafika siku ya harusi yenyewe. Nikamwambia hongereni sana, Mungu awabariki na hiyo harusi.

Akasema asante.

Ndugu zangu, nilimpa hongera yule baba! Mpaka leo nikikumbuka hiyo hongera natamani ardhi inimeze.

Gauni moja lilirudi baada ya siku chache, lile dogo. Nililifungua nyumbani. Lilikuwa limekunjwa vizuri kuliko nilivyokuwa nakunja mimi, mikono imelazwa juu ya kifua. Zipu ya mgongoni ilikuwa imevutwa kwa nguvu ikaachia chini. Ndani ya kola kulikuwa na poda nyeupe, nyingi, imejaa kwenye mishono. Na marashi! Si manukato ya kujipulizia mtu anayekwenda kanisani. Yalikuwa mengi mno, mazito, hadi nikafungua dirisha.

Moyo wangu ulisita. Sitasema uongo, ulisita. Nikampigia Rahel nikamwuliza, mbona gauni limerudi hivi? Rahel akajibu harakaharaka kwamba lilimbana, wamechukua lile kubwa, niwarudishie tu hela yao nisiwasumbue. Nikamwuliza na harusi ilikuwaje, watu walifika? Akasema watu walikuwa wengi sana. Halafu akadai kuna mteja mlangoni, akakata.

Nikawarudishia hela yao. Kwa nini niulize zaidi? Si nilijiandikia mwenyewe kwamba sitauliza? Nikafua gauni, nikakung'uta poda, nikashona zipu. Yale marashi yaligoma kutoka, nikaliacha juani siku mbili.

Baada ya hapo Rahel akawa na tabia ya kunipigia kuniuliza kama lile gauni nimeshaliuza. Mara ya kwanza nikasema bado. Mara ya pili nikasema bado, akaniambia ningelipeleka mbali, Dodoma huko au Arusha, watu wa Singida hawatalipenda. Nilicheka, nikamwambia tangu lini umekuwa bwana masoko?

Sasa njoo kwa Pendo.

Mchumba wake anaitwa Daudi, fundi umeme, kijana mpole asiyejua kubishana na mtu. Mama yake, Mama Daudi, ni mjane wa pale Kinampanda. Yule mama hapigi kelele. Akikasirika sauti inashuka, na ndipo watu wanakaa sawa. Anasali kila Jumapili mstari wa mbele, na wakati huohuo kuna mambo ya ukoo ambayo kwake hayana mjadala. Chombo kilichotumika kuoshea maiti hakirudi jikoni. Nguo iliyogusa marehemu haiingii kwenye nyumba ya mtu aliye hai mpaka wazee wakae. Mimi mwenyewe nimekua nikijua hivyo, ni mila ya huku kwetu, hakuna asiyeijua.

Posa ilikwenda vizuri, mahari ikapokelewa, harusi ikapangwa. Pendo akaja mjini kuchagua gauni. Nilimtundikia magauni chumba kizima, nikamwambia chagua unalotaka, ni zawadi yangu, sitaki hata shilingi yako. Alipita, akagusa hili, akaacha lile... Akalifikia lile lenye maua ya shanga.

Akalivaa. Lilimkaa kana kwamba alishonewa! Alijigeuza mbele ya kioo, akanitazama, akasema, "Dada, mama angekuwepo angeniona leo."

Alipoinusa kola na kuuliza mbona linanukia hivi, nikamjibu ni jipya, ndivyo yanavyonukia yakitoka Dar. Nilimdanganya mtoto niliyemlea. Sikuona uzito wake. Kwangu lilikuwa neno la biashara, nililisema kila siku.

Siku moja kabla ya harusi Rahel alifika nyumbani kwangu, alikuwa ametushonea sare za ndugu. Aliingia chumbani kwa Pendo kumsalimia. Nilimkuta amesimama mlangoni, anatazama gauni lililotundikwa ukutani, rangi imemtoka. Aliniuliza kwa nini Pendo asivae lile la lesi, ndilo zuri zaidi. Nikamwambia aache maneno, bibi harusi ameshachagua. Akasema anajisikia vibaya, akaenda kukaa nje uani. Nikampelekea maji. Akayanywa, akanirudishia kikombe.

Alikuwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kusema. Hakusema!

Harusi ilifungwa kanisani Kinampanda. Upepo ulivuma siku hiyo mpaka shela likawa linataka kuondoka na kichwa cha mtu. Pendo alipendeza, nasema alipendeza, hata Mama Daudi alitabasamu. Tukaingia ukumbini, tukala, tukacheza, ukafika muda wa zawadi.

Mnajua kwetu zawadi zinavyotolewa. Kina mama wanakuja kwa foleni wakicheza, mmoja mmoja anamfunika bibi harusi kitenge mabegani, vigelegele vinapigwa, anapisha mwingine. Pendo alikuwa ameshafunikwa vitenge hadi shingoni. Mshereheshaji akaomba kina mama wamvue kidogo, wamshike vile vitenge, maana mtoto anapata joto. Wakamvua. Gauni likaonekana lote.

Aliyekuwa anafuata kwenye foleni ni Mama Frola, mgeni kutoka Nduguti, rafiki wa Mama Daudi wa siku nyingi. Alikuwa anakuja anacheza, kitenge kimetandazwa mikononi. Alipofika mbele ya Pendo akaacha kucheza. Akalitazama lile ua la shanga kifuani. Alisimama na kitenge chake hewani, foleni nzima nyuma ikasimama, na muziki unaendelea kupiga.

Kisha akageuka, akamtafuta mtu kwa macho, akampata Rahel amekaa meza ya ndugu, karibu na mimi. Hakupaza sauti. Lakini alikuwa karibu na kipaza sauti cha mshereheshaji, na ukumbi mzima ulisikia.

"Rahel, hili si ndilo tulilomvalisha Glory likagoma?"

Muziki ukazimwa. Sijui nani aliuzima.

Nilimtazama Rahel. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye sahani. Hapo nikajua. Hapo kila kitu kikaja kwa pamoja, sauti ya yule baba, poda, marashi, zipu iliyovutwa, watu waliokuwa wengi sana... Mengine nilielezwa baadaye: Glory alikuwa binti wa kaka yake Mama Frola. Alikuwa amechumbiwa, akaugua ghafla, akafariki kabla ya harusi. Wazazi wake wakataka azikwe kama bibi harusi, kama wanavyofanya wengi mtoto wao akifa kabla hajaolewa. Mwili uko hospitali, nani wa kuupima? Wakaagiza saizi mbili. Kina mama wakamvalisha lile dogo, likagoma. Wakalivua, wakamvalisha kubwa, wakamzika nalo. Na dogo wakalirudisha, kwa sababu mimi niliandika lisipokutosha rudisha!

Na Rahel alikuwa mmoja wa waliomvalisha.

Mama Daudi aliinuka kwenye kiti chake, akatembea hadi kwa Pendo. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa. Alisema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hutaingia kwangu na nguo ya marehemu, wala hutaingia leo."

Daudi alisimama pale na koti lake jipya, anamtazama mama yake, anamtazama mke wake.

Tulimpeleka Pendo kwenye stoo ya ukumbi, pale wanapoweka masufuria. Nilimfungua zipu mwenyewe, ile niliyoishona kwa mkono wangu. Aliponigeukia hakuwa analia. Aliniuliza kama nilijua lilirudishwa. Nikamwambia ndiyo, nilijua.

"Na uliuliza kwa nini?"

Nikamwambia sikuuliza.

Alivaa gauni langu la kushindia lililokuwa kwenye mkoba, akajifunga kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma. Siku ya harusi yake alilala kwa mwalimu mwenzake Kiomboi.

Ungedhani imeishia hapo? Laiti!

Wazee walikaa, mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa kwa Kinyiramba, mambo yakafanywa, na baada ya wiki kadhaa Pendo akapokelewa kwa Daudi. Lakini aliingia pale kama mtu aliyebeba ugonjwa. Alikuwa akipika, wageni wanasema wameshiba. Akimbeba mtoto wa jirani, mama wa mtoto anakuja kumchukua kwa adabu, anasingizia anataka kumnyonyesha. Ng'ombe wa Mama Daudi akafa, watu wakatazamana. Daudi akaanguka kwenye nguzo ya umeme akavunjika mguu, watu wakaacha hata kutazamana, wakasema waziwazi.

Pendo akapata ujauzito. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu, nikasema huyu mtoto akizaliwa mzima yote yatasahaulika. Mimba ikatoka... Nani asiyejua mimba hutoka kwa wanawake wengi tu, waliovaa magauni ya kila namna? Daktari alimweleza hivyo, na mimi naamini hivyo. Lakini nani pale kijijini angemsikiliza daktari?

Daudi, ambaye hakujua kubishana na mtu, hakujua pia kubishana na mama yake. Alimwambia mkewe akapumzike kwao kidogo hadi watu watulie.

Kwao ni wapi? Kwao ni kwangu! Mama hatunaye, kwa baba si kwake. Nilisafisha chumba, nikanunua godoro, nikakaa stendi kuanzia asubuhi nikimsubiri. Mabasi ya Kiomboi yakaja yakaisha. Pendo hakuja. Alipanga chumba kimoja palepale Kiomboi, karibu na shule. Nikimpigia hapokei.

Nilikwenda Nduguti kwa Rahel nikiwa na hasira ya kuua. Niliingia kibandani kwake nikamzaba kibao kabla hata ya salamu, mbele ya wateja. Hakunirudishia. Aliniambia siku ile ya msiba mama yake Glory alimshika mikono, akamsihi asimwambie muuzaji, kwa sababu walikuwa wameuza mifugo kununua yale magauni na ada ya hospitali haijalipwa bado. Aliona akiniambia nitalikataa. Nikamwuliza, na ulipoliona chumbani kwa Pendo? Hapo alilia. Akasema alipokaa pale uani alikuwa anasubiri nimwulize ana nini. Ningemwuliza tu, angesema yote. Mimi nilimpa maji nikaondoka.

Nilimtukana, nikamwambia urafiki umekufa, na umekufa kweli. Mpaka leo naona alinisaliti, siwezi kudanganya. Mtu uliyelala naye kitanda kimoja anamwacha mdogo wako atembee kanisani na nguo ya maiti?

Kutoka hapo nikaenda kwa wale wafiwa. Nilikuwa na gauni kwenye mfuko wa rambo, maana nyumbani sikuweza kukaa nalo, kulichoma niliogopa, kuliuza nisingethubutu. Nilikwenda na maneno makali mdomoni, ninyi watu mliniharibia mdogo wangu! Yule baba akatoka. Mzee mwembamba, ana fimbo. Nilimwamkia. Nilipojitambulisha akanivutia kigoda mwenyewe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, utusamehe. Tuliona umeandika hakuna kuulizwa kitu, tukashukuru. Siku ile hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kueleza."

Maneno makali yote yaliniishia. Nilimpa lile gauni. Alilipokea kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani, nikasikia mwanamke analia humo. Nikakaa pale kwenye kigoda nikalia nami. Hao ndio niliotaka kwenda kuwatukana.

Ndugu zangu mnaouza mtandaoni, na siku hizi ni wengi, kila mwenye simu ana duka, nisikilizeni. Siku simu itakapokuuliza mzigo ukirudi itakuwaje, usibonyeze kwa pupa kama mimi. Usiangalie wateja peke yao. Mtu anayerudisha kitu ana jambo, na jambo hilo litaingia kwako pamoja na kitu chenyewe, ulilijua au hukulijua. Mimi leo napokea marejesho, lakini mteja lazima aseme. Akiona aibu nambembeleza. Mtu akiniagiza gauni la saizi mbili namwuliza polepole ni la nani, na nimeshawahi kujibiwa kwa kilio. Yule nilimtumia bila kumtoza nauli ya basi, nikamwambia lisilotosha msilirudishe, fanyeni mnavyoona. Na nguo ikisharudi kwangu, picha yake inaandikwa wazi kwamba ilirudishwa na kwa sababu gani. Naziuza kwa bei ya chini, wateja wamepungua. Sawa tu!

Na wewe unayenunua, nakusihi, sema. Hata kama roho inauma, sema neno moja. Kuna mtu asiyekukosea lolote ataivaa hiyo nguo baada yako.

Jumapili moja moja napanda basi la Kiomboi. Naingia kanisani kwao, nakaa benchi la nyuma ambako waimbaji wananificha. Pendo anaimba sauti ya kwanza, amekonda, lakini anaimba. Ibada ikiisha nasimama mlangoni, mahali asipoweza kupita bila kuniona. Juzi alipita. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Tangu ajue kuongea, mdogo wangu hajawahi kuniamkia bila kusema dada. Safari hii alisema hilo moja tu, kama unavyomwamkia mama yeyote mtu mzima unayekutana naye njiani.

Nikaitika marahaba. Akapita akaenda zake.